Maswali na Majibu: Gari la Saluni Uliloliogopa Halikuwa la Polisi

Swali: Naomba orodha kamili ya magari ambayo polisi wa Marekani huyatumia bila alama, ili niyatambue mapema nikiwa barabara kuu.

Jibu: Swali hili huja tena na tena, na kila anayeliuliza anajua vyema, kama ninavyojua mimi, kwamba anachotafuta si elimu ya magari bali ni ruhusa ya kukanyaga mafuta pale ambapo orodha haioneshi hatari. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: Ford Crown Victoria, saluni kubwa yenye injini ya silinda 8 inayoendesha magurudumu ya nyuma. Ford iliacha kuwauzia raia wa kawaida gari hilo baada ya toleo la 2007, ikaendelea kuliunda kwa ajili ya polisi, teksi na wanunuzi wengine wa jumla, hadi kiwanda cha St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, kilipotoa la mwisho Septemba 2011. Hata enzi hizo orodha ilidanganya, kwa sababu Mercury Grand Marquis, lililoundwa juu ya fremu ya aina ileile na kufanana nalo sana kwa umbo, lilipendwa mno na wastaafu, na mzee wa watu akijiendea zake taratibu aliweza kuburuta nyuma yake msururu wa magari ambayo hakuna dereva aliyethubutu kumpita.

Leo hali ni ngumu zaidi. Magari ambayo polisi wa Marekani wanayapenda ni Ford Explorer, Chevrolet Tahoe na Dodge Charger, na mawili ya kwanza ndiyo hayohayo yanayopeleka watoto shuleni. Orodha unayoitaka, ndugu msomaji, ingekuwa na sehemu kubwa ya magari unayokutana nayo kila siku, na isingekusaidia kitu. Kinachokusaidia kiko kwenye dashibodi yako, nacho ni spidomita.

Swali: Je, gari lenye vioo vyeusi na antena mbili ni la polisi?

Jibu: Hapana. Linaweza kuwa la mtu anayechukia jua na kupenda redio.

Swali: Basi ni dalili zipi za kweli?

Jibu: Dalili zipo, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake. Rimu nyeusi za chuma zenye kifuniko kidogo katikati, taa ya kumulikia iliyofungwa karibu na kioo cha pembeni upande wa dereva, kinga ya chuma mbele ya bampa, taa ndogo zilizofichwa nyuma ya grili: hivyo vyote ni vifaa vya kipolisi. Tatizo ni kwamba polisi wa Marekani huyauza magari yao yaliyochakaa kwa mnada, na mengi hutoka na rimu zilezile na wakati mwingine na taa ileile ya kumulikia, yakaishia kuwa teksi, magari ya kampuni za ulinzi au gari la kwanza la kijana aliyetafuta injini kubwa kwa bei ndogo. Kwa upande wa pili, gari la kificho lililoandaliwa vizuri halina hata kimoja kati ya vitu hivyo, maana lingekuwa na kificho gani?

Swali: Nimenunua Crown Victoria la mnadani. Madereva wananipisha wote, na ninafurahia. Nikiongeza vimulimuli vya buluu nyuma ya grili bila kuviwasha, kuna ubaya?

Jibu: Upo, na ni mkubwa. Kuwa na gari linalofanana na la polisi si kosa, lakini kulivisha vifaa vya polisi ni jambo jingine kabisa, na katika majimbo mengi ya Marekani kujifanya polisi ni jinai inayoweza kukufikisha gerezani. Nchini Uingereza kanuni za taa za magari za 1989 huyazuia magari ya kawaida kufungwa taa za dharura za buluu, ziwe zimewashwa au zimezimwa. Ukishavifunga, siku moja utashawishika kuviwasha.

Na hao wanaokupisha wasikufurahishe sana. Dereva anayeshtuka hukanyaga breki bila kuangalia kioo cha nyuma. Kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, yaani takriban kilomita 112, mwongozo rasmi wa barabara wa Uingereza huhesabu mita 96 hadi gari kusimama, ilhali wengi hufuatana kwa umbali ulio mdogo kuliko huo. Hofu ya saluni moja nyeupe yaweza kugonganisha magari matatu ambayo polisi hakuwa hata na habari nayo.

Swali: Huko Uingereza niliona gari kubwa lenye miraba ya manjano na nyeusi, na kila mtu akapunguza mwendo. Ni polisi wa aina gani?

Jibu: Si polisi. Ni maofisa wa barabara kuu, ambao husaidia magari yaliyoharibika na kuondoa vizuizi. Wana mamlaka ya kukusimamisha na kuelekeza magari, kwa hiyo watii, lakini hawakuandikii faini ya mwendo kasi.

Swali: Gari lisilo na alama likiniwashia taa usiku, nitajuaje kwamba si mwizi?

Jibu: Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe mara nyingi kama lile la kwanza. Usikimbie, wala usisimame gizani kwa woga. Punguza mwendo, washa taa za tahadhari ili aliye nyuma aone kwamba umemwona, kisha endelea polepole hadi mahali penye mwanga na watu. Nchini Uingereza, polisi anayetaka kukusimamisha barabarani kwa sheria ya usalama barabarani ya 1988 lazima awe amevaa sare. Huko Marekani kanuni hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Piga simu ya dharura, 911 huko Marekani au 999 Uingereza, utaje barabara uliyopo na gari linalokufuata, na uulize kama ni polisi wao. Funga milango, teremsha kioo kiasi cha kusikilizana tu, omba kitambulisho, na usikate simu hadi mpokeaji athibitishe.