Kwa mnaoanza kulea seli za gegedu

Juzi nilimkuta mdogo wangu mmoja wa maabara akizishangilia flaski nane za seli za gegedu (ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo), zimejaa pomoni. Nikamuuliza pasaji ya ngapi, yaani zimegawanywa na kuhamishiwa flaski mpya mara ngapi. "Ya saba, dada." Nikavuta kiti nikakaa. Ninayoandika hapa aliyasikia yeye kwanza.

1. Lebo ni kwenye flaski yenyewe. Jamani, mifuniko hubadilishana!

2. Pimeni maikoplazma, bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara, kila mwezi. Haina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiigusi, na midia, maji ya lishe ya seli, haichafuki hata kidogo.

3. Hesabu pasaji zako. Mwaka wangu wa kwanza tulipokea gegedu la mama aliyebadilishiwa goti: vipande vyeupe vinavyong'aa. Nikavikatakata, nikavilaza usiku kucha kwenye kolajenesi, kimeng'enya kinachozifungua seli kutoka kwenye gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu na seli zake ni chache, ndiyo maana tunazizalisha kwanza. Brittberg na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walizalisha seli za wagonjwa wenyewe, wakazirudisha magotini, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 23.

Mimi nilitaka nyingi, basi. Mwanzoni zilikuwa nene, za pembepembe, zimebanana kama mawe ya sakafu. Kufika pasaji ya nne zimerefuka kama dagaa. Niliziona. Nikajiambia zikiingia kwenye vidonge, yaani seli zilizokusanywa kuwa vitonge vidogo, zitarudi kuwa za gegedu. Nikaenda mpaka ya saba, nikatengeneza vidonge, nikavilea wiki tatu kwa TGF-beta, protini inayozichochea seli kutengeneza gegedu. Siku ya kuvitia safranini, rangi inayolifanya gegedu kuwa jekundu, nilitazamia wekundu. Kimoja baada ya kingine, vyote vilibaki na kijani cha rangi ya pili. Seli zilikuwa zimeacha kutengeneza kolajeni ya aina ya 2, protini ya gegedu, zinatengeneza ya aina ya 1, ile ya makovu. Na sikuwa nimegandisha hata kichupa kimoja cha mwanzo.

Kwetu mtoaji hana jina. Rejista ilisema: mwanamke, miaka 61, goti la kulia. Mkuu wangu hakunigombeza. Alinipa kalamu niandike mwenyewe mbele ya namba ya mtoaji: "Zimeisha." Yule mama alitia sahihi ya ridhaa akijiandaa kwa upasuaji, na goti lile hatalitoa tena. Mpaka leo nikifungua ukurasa ule mkono unakuwa mzito.

4. Gandisha za pasaji ya kwanza kabla hujaanza jaribio lolote. Joto lishuke nyuzi moja kwa dakika, kisha tangi la nitrojeni ya kimiminika.

5. Mnaolea seli za mfupa, mkiona wekundu wa alizarini, rangi inayoonyesha chokaa ya mfupa, msikimbilie kupiga picha. Seli zinazokufa nazo hushika chokaa.

Yule mdogo wangu tulifungua naye tangi. Alikuwa na vichupa viwili vya pasaji ya kwanza, alivisahau. Kimoja tumekiyeyusha jana, na leo asubuhi seli zimeshika chini ya flaski, zina pembe zake.