Mkono mrefu si upepo mkali

Msomaji mmoja amenitumia mchoro wa upepo wa kiwanja chake, ule wenye mikono ya rangi inayotoka katikati kama petali za ua: "Mwalimu, mkono mrefu umeelekea kusini-mashariki, kwa hiyo upepo unakwenda huko. Mtambo wa umeme wa upepo niuweke kaskazini-magharibi mwa ghala usizibwe, sivyo?"

Hapana, ndugu yangu. Hapo ndipo ghala litauziba. Mkono unaonyesha upepo unakotoka, uwe mchoro una mikono 8, 16 au 36. Urefu wake ni kiasi cha muda upepo ulivuma kutoka upande huo. Ukali umo kwenye rangi, na wengi rangi hawaziangalii kabisa.

Hili nalijua kwa uchungu. Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha mradi, mezani kuna mchoro mmoja wa mwaka mzima: mkono mrefu wa buluu, yaani upepo dhaifu, na mwingine mfupi mwekundu ukiutoka ubavuni. Nikashauri safu za mitambo zikabili ule mfupi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara 8. Saa moja ya upepo wa mita 8 kwa sekunde ina nishati sawa na saa nane za upepo wa mita 4. Mkubwa mmoja akacheka: "Kijana anatusomea maua." Wote wakacheka naye. Mitambo ikapangwa kwa kufuata mkono mrefu, na upepo mkali ulipokuja, ya mbele ikawa inaipora upepo ya nyuma.

Mwezi huu wamenipigia. Nimekwenda, ila kwa bei nyingine. (Mkubwa yule siku hizi ananiita mtaalamu.)

Kwa hiyo tazama rangi kwanza. Usikubali mchoro wa mwaka mzima peke yake: penye pepo za msimu utaona mikono miwili inayopingana, wala hutajua upi ni wa miezi ipi. Dai wa kila msimu, dai wa mchana na wa usiku, na wakikupa, tazama rangi tena. Ukichekwa, waache wacheke.

Kisha uliza kipimo kilifungwa wapi. Kawaida ni mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Kama kilikuwa kimebanwa kati ya majengo, tafuta vipimo vingine kabla hujamwaga zege.