Maswali ya Wasomaji: Heta Iliyonyofolewa

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Naifufua MGB ya mwaka 1965, gari la michezo la Kiingereza lenye paa la turubai. Aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa heta (kipasha joto cha ndani) yote. Kwenye ukuta wa injini limebaki tundu lililofunikwa bati, na nyuma ya silinda hedi pamezibwa kwa kibati cha nati mbili. Wenzangu wananicheka: Mombasa heta ya nini? Je, niirudishe? Nikiirudisha, nianzie wapi?
*Msomaji, Tudor*

JIBU: Aleikum salaam, ndugu. Waache wacheke. Mvua za masika zikishika, mkiwa wawili ndani na turubai limefungwa, kioo cha mbele huingia ukungu kwa pumzi zenu wenyewe, na gari hilo halina kingine cha kukikausha. Tena ukilipandisha Limuru asubuhi ya Julai utajua heta ni ya nini. Na injini ikianza kuchemka kwenye foleni ya Makupa, kufungua heta na kuwasha feni yake huipunguzia joto, mradi uvumilie miguu kuiva.

Irudishe sasa, kabla dashibodi haijafungwa. Boksi la heta hukaa upande wa injini, lakini mirija miwili ya kupeleka hewa kwenye kioo huunganishwa kwa ndani, chini ya dashibodi. Ukishafunga dashibodi, kuichomeka mirija hiyo ni kazi ya kulala chali na kuchubuka vidole.

Boksi lenyewe tafuta la zamani, liwe na milango yake ya hewa na vibanio. Vilivyobaki huuzwa vipya Uingereza: rejeta ndogo ya ndani (maji ya moto ya injini hupita humo na kuipasha hewa joto), valvu ya maji, gasketi yake, kebo, bomba la chuma la kurudisha maji, mirija ya kioo. Hosi usiagize. Hosi ya heta ya kipenyo cha ndani cha inchi nusu (milimita 13) ipo kwenye maduka ya spea hapa hapa; chukua mita moja na nusu, na klipu za skrubu za milimita 16 hadi 22. Usikubali kuuziwa mpira wa bustani. Maji ya injini yanakaribia nyuzi 90, nao hulainika na kuchomoka.

Rejeta ndogo ya zamani usiitupe kabla ya kuipima. Isafishe kwa maji kutoka pande zote mbili mpaka yatoke meupe. Kisha ziba mdomo mmoja, izamishe kwenye karai, uingize upepo wa psi 15 (kipimo cha presha, kama cha matairi), usizidishe. Ukiiachia presha yote ya kompresa utaipasua mwenyewe. Mapovu yakitoka kwenye maungio, fundi wa rejeta ataichomelea kwa risasi, kwa kuwa ni shaba. Ukiwekewa ya alumini, risasi haishiki.

Sasa sponji, ambayo wengi huiruka. Rejeta ndogo lazima izungushiwe sponji pande zote ndani ya boksi, isibaki nafasi. Hewa hufuata njia rahisi: ikipata mwanya itapita kando ya rejeta badala ya kupita katikati yake, nawe utalalamika kuwa heta mpya inatoa hewa baridi. Tumia sponji ngumu isiyonyonya maji, maana hii yetu ya magodoro hunyonya unyevu na kuozesha bati.

Valvu hufungwa pale palipo na kile kibati. Kwangua gasketi ya zamani yote, uso uwe safi, kisha kaza nati mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, valvu hukaa mshazari ikavuja, au sikio lake likakatika. Hata ikiwa mpya, ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: ikiwa imefungwa na pumzi bado inapita, irudishe dukani. Kutoka kwenye valvu maji huingia rejeta ndogo, kisha hurudi kwa lile bomba la chuma hadi upande wa mpira wa chini wa rejeta kubwa, ambako pampu inavuta.

Gari la 1965 lilitoka kiwandani plasi ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kama limeshageuzwa, yaani hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, ijaribu mota ya feni mezani. Mota yenye sumaku ya kudumu huzunguka kinyume, na feni huvuma kinyonge. Badilishana nyaya zake mbili tu. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwa ampea 35, ila kazi yake ya kudumu ni ampea 17. Ukiweka ya kisasa ya 35, ambayo namba yake ni ya kazi ya kudumu, umeweka kubwa mno.

Kujaza maji: mfumo wote huchukua kama lita 5 na nusu. Sisi hatuogopi barafu, tunaogopa kutu, kwa hiyo fungu moja la kulanti (dawa ya maji ya rejeta) kwa mafungu mawili ya maji yaliyochujwa ya betri latosha. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, yatakuzibia rejeta ndogo kabla ya yote. Fungua valvu, elekeza pua ya gari juu mlimani, legeza hosi ya kurudi na ujaze taratibu mpaka maji yatoke hapo bila mapovu, ndipo ukaze.

SWALI: Nina Karmann Ghia ya Volkswagen, injini nyuma. Zile heta za kwenye egzosi zimeoza, nimeziondoa. Naweza kuendesha hivyo hivyo?
*Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Unaweza, na ni salama kuliko kuendesha na zilizotoboka. Injini hiyo hupozwa kwa hewa. Joto la ndani hutoka kwenye maboksi ya bati yanayozunguka mabomba ya egzosi, na bomba likitoboka ndani yake, moshi wenye kaboni monoksaidi huingia ulipoketi bila harufu ya kukuamsha. Lakini ziba ile midomo miwili ya heta kwenye bati la feni. Ikiachwa wazi, hewa ya kupoza silinda humwagika nje na injini huchemka. Ziba pia mabomba mawili yanayoingia ndani ya gari. Badala ya heta hizo funga mabomba ya egzosi ya kawaida ya injini hiyo, yasiyo na maboksi, na gasketi mpya kwenye kila silinda hedi.