Maswali na majibu: saiti mira za pikipiki za lami na porini

Wadau, safari hii ni saiti mira tupu, yaani vioo vya pembeni. Maswali ni mengi na nusu yake yanafanana, kwahiyo nimechukua machache ya wenye dualspoti, yaani hizi pikipiki ambazo asubuhi ziko lami na mchana ziko kwenye mawe. Walioniuliza "ipi kali kuliko zote" nimewaruka.

Mkuu, saiti mira gani itaingia kwenye pikipiki yangu?

Pikipiki ipi? Mtu hataji jina wala modeli afu anataka jibu la uhakika, na swali hili narudishiwa kila mara. Haya sikieni wote. Pikipiki nyingi za Kijapani zinatumia bolti ya milimita 10 yenye thredi ya 1.25 (milimita 1.25 toka uzi mmoja wa bolti hadi unaofuata), BMW nyingi ni 10 kwa 1.5, na zipo pikipiki nyingine zinazokula bolti ya milimita 8. Yamaha nyingi kioo cha kulia kina thredi za kinyume, ukikizungusha kama unavyofungua vingine ndo kwanza unakikaza. Hawakufanya hivo kusumbua mafundi, kioo cha kulia kikigongwa kwa mbele kinasukumwa kurudi nyuma, na kwa thredi hizo kinalegea badala ya kujikaza mpaka kivunje kitu.

Onyo ambalo hukuuliza: 1.25 na 1.5 kwa macho zinafanana kabisa. Bolti isiyo yake inaingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu, inagoma, mtu anachukua spana anaminya. Hapo umeshaua thredi za alumini kwenye shikio la klachi au masta silinda ya breki (ile inayosukuma mafuta ya breki ukibana), kisa kioo. Bolti ikigoma kwa vidole itoe. Adapta za kubadilisha thredi zipo, ni kitu kidogo tu.

Kwenye vioo naona viwiko vyangu na mabega, barabara sioni.

Usukani wa hizi pikipiki ni mpana na unakaa viwiko nje, sasa kioo chenye mkono mfupi kitakuonyesha jaketi tu. Kabla hujanunua chochote, kaa kwenye siti umevaa vile unavyovaa safarini, jaketi na begi la mgongoni kama unabeba, mtu akushikie pikipiki isimame wima, ndo urekebishe. Wengi wanarekebisha wakiwa wamevaa fulana, pikipiki imelalia stendi ya pembeni. Ukingo wa kiwiko kuonekana kidogo kwenye kona ya ndani ya kioo hauna shida, unakusaidia hata kujua gari lililo nyuma liko upande gani wako.

Kama bado, weka viongeza vya kusogeza kioo nje, vile vipande vya chuma vinavyokaa kati ya shikio na mkono wa kioo. Ila jua unachokubali, kila sentimita unayoongeza nje inaongeza mtetemo, na ile nafasi kati ya miti miwili uliyokuwa unapita, sasa utagonga.

Nikifika kilomita 80 kwa saa kioo kinatetemeka mpaka taa za gari moja naziona nne. Ninunue kipi?

Usinunue kwanza. Injini ya silinda moja itatetemesha kila kitu, hilo halina dawa, ila kioo na mkono wake vina mtikisiko wao wa asili na mtetemo wa injini ukikutana nao ndo picha inapasuka. Ndo maana kwenye kilomita 80 ni balaa, ukiongeza kidogo au ukibadili gia kunatulia. Mkono mrefu mwembamba unakutana nao mapema, mfupi mnene unausogeza mbali, na kichwa kizito cha kioo kinatikisika kidogo kuliko chepesi. Hapa watu wanashangaa kwasababu walidhani plastiki nyepesi ya kisasa ndo bora.

Fanya hivi. Pikipiki ikiwa imesimama, gia huru, mwenzio apandishe injini mpaka mzunguko ule ule unaokusumbua. Tazama kioo. Sasa kishike kichwa chake kwa vidole viwili bila kukilazimisha. Picha ikitulia, tatizo ni mkono na uzito wa kioo, tafuta mkono mfupi au kichwa kizito zaidi. Isipotulia, acha kioo, nenda kwenye nati za usukani, bolti za kushikia injini, na vizito vya kwenye ncha za usukani kama mtu aliviondoa. Mara nyingi nakuta nati ya chini ya kioo chenyewe imelegea na mwenye pikipiki ameshaagiza kioo kipya.

Na usitafute picha ya televisheni. Ukijua nyuma kuna gari, na kama linasogea au linabaki, kioo kimefanya kazi.

Vile vya kufunga kwenye ncha za usukani vipi? Vinapendeza sana.

Vinapendeza, ndiyo. Porini kitu cha kwanza kinachogusa kichaka ni ncha ya usukani, na kama una kinga za mikono zile za chuma zinazozunguka, ncha yenyewe tayari imeshachukuliwa.

Nikiingia porini navivua vyote, rafiki yangu anasema nakosea. Nani yuko sahihi?

Wote mmekosea, tatizo ni aina ya vioo mlivyonunua. Nimelisema hili mpaka nimechoka: kwa dualspoti, kitu cha kwanza kukiangalia kwenye kioo ni kama kinakunja kikigongwa. Umbo, rangi, chapa, vyote vinafuata.

Fikiria pikipiki inavyolala upande wa breki. Kioo cha mkono mgumu ndo kinatangulia kugusa chini, nguvu yote inapanda kwenye mkono ule mpaka pale ulipofungwa, na kwenye pikipiki nyingi upande ule umefungwa kwenye kishikio cha masta silinda ya breki ya mbele. Kioo chenyewe saa ingine hata hakipasuki. Kinachopasuka ni kile kipande cha alumini, sasa uko porini, breki ya mbele inaning'inia, na wakati unanunua vioo ulikuwa umelinganisha bei tu. Afu kuna kupanda mlima umesimama, pikipiki ikikurudia ule mkono wa chuma unakutana na kifua chako.

Kinachokunja kinaondoa yote hayo. Doubletake za Marekani zimejengwa kwa wazo hilo, kioo kinakaa kwenye gololi ya chapa ya RAM, ukianguka kinazunguka, unakirudisha kwa mkono. Zipo nyingine za mkono wenye kiungo cha kukunja katikati, nazo sawa bora kiungo kiwe na skrubu ya kukazia maana baada ya muda kinalegea na kioo kinaanza kujiinamia chenyewe ukiwa lami. Huna hela ya hivo? Ulivyo navyo kaza nati kiasi upepo usikizungushe ila mkono wako ukilazimisha kizunguke, na usipake gundi ya thredi hapo. Wale wanaokaza kwa spana ndefu mpaka inalia ndo wanaoniandikia baadaye kuuliza masta silinda inapatikana wapi.

Ukivua kabisa, ujue kila njia ya porini inakata barabara mahali, na utaivuka huoni nyuma.

Kioo cha duara cha inchi 3 kinatosha? Ni kidogo, hakigongi kitu.

Hakitoshi. Inchi 3 ni kama milimita 76. Kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya pikipiki, inataka cha duara kisipungue kipenyo cha milimita 94, eneo la kuakisi lisipungue sentimita za mraba 69, na kioo kiwe na mbinuko, nusu kipenyo cha ule mbinuko kati ya milimita 1000 na 1500. Tafuta alama ya E ndani ya duara ikiwa na namba pembeni yake, hiyo ndo ya kukubaliwa kwa kanuni hizo. Kioo kisicho na alama yoyote, muuzaji akikwambia "ni orijino", mwachie.

Kuhusu mbinuko wenyewe, unaona eneo kubwa lakini vitu vinaonekana vidogo, na ubongo unasoma kidogo kama mbali. Gari unalodhani lina nafasi liko karibu kuliko hivo. Kwahiyo kabla ya kuhama njia geuza shingo, hata ukinunua kioo cha bei gani.

Nikisimama kwenye peg, yaani vile vya kukanyagia, kwenye kioo naona ardhi tu.

Ndiyo. Macho yamepanda, kioo hakijapanda. Kiweke kwa kukaa, maana ukiwa kasi kubwa na magari mengi unakuwa umekaa.

Kwanini nisiweke kamera ya nyuma niachane na vioo?

Lenzi inakaa karibu na tairi la nyuma. Tope la dimbwi la kwanza litaifunika, na huwezi kuifuta kwa glovu ukiwa unaendesha kama unavyofuta kioo. Weka ukitaka kurekodi safari.