Kumsoma Guénon bila kukwama

SWALI: Nimeanza kumsoma René Guénon, Mfaransa aliyeandika kuhusu falsafa za kiroho, kwa kitabu chake cha ishara ya msalaba. Kurasa 30 za mwanzo nimezirudia mara tatu, siambulii kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Umeingilia mlango wa nyuma, ndugu msomaji. Kitabu hicho cha 1931 kinachukulia kwamba umeshasoma kile cha 1925 kuhusu binadamu kwa mujibu wa Vedanta (falsafa ya Kihindu), na mara kwa mara kinakurudisha huko. Anza na hicho, kisha msalaba, halafu kile kifupi cha 1932 kuhusu hali nyingi za kuwapo. Ukiona bado ni mlima, tangulia na kile cha 1927 kuhusu mgogoro wa ulimwengu wa kisasa; ni chepesi zaidi.

Wengi hukwamishwa na maneno wanayodhani wanayajua. Chukua "kisicho na mwisho". Kwake ni kile tu kisicho na mpaka wa aina yoyote, kwa hiyo hakiwezi kuwa zaidi ya kimoja. Mfululizo wa 1, 2, 3 na kuendelea haumo: hutaumaliza kuuhesabu, lakini una mpaka, maana ni namba tu, si kitu kingine. Ukichanganya hayo mawili, sura nzima inageuka fumbo.

Weka daftari. Andika kila istilahi na ukurasa ilipofafanuliwa. Kurasa 5 kwa siku zatosha kabisa, na tafadhali usiruke tanbihi.