Jibu kwa mwalimu wa Bahi: uzamili wa elimu ya viungo na afya, anza na swali la uwanjani kwako

Mkuu, umeuliza kama mwalimu wa michezo wa sekondari huko Bahi ana sababu ya kusoma shahada ya uzamili ya elimu ya viungo na afya, wakati shule yenyewe haina hata kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Fani hiyo nimeisoma, na data zangu nilizikusanya hapa hapa Dodoma.

Kasome. Ila kabla ya kujaza fomu, jua unataka kuchunguza nini. Masomo ya darasani, yaani fiziolojia ya mazoezi, lishe, mbinu za utafiti, yanapita. Takwimu ndiyo inayotutesa wengi tuliotoka michezoni, ianze mapema. Tasnifu ndiyo inayokwamisha watu, na mara nyingi ni kwa sababu mada imeokotwa kwenye majarida ya Ulaya na inadai maabara tusiyokuwa nayo.

Mimi nilichukua swali dogo: katika kipindi cha dakika 40, mwanafunzi yuko kwenye mwendo kwa dakika ngapi hasa? Kuna mbinu iitwayo SOFIT, iliyochapishwa Marekani mwaka 1991 na Thomas McKenzie na wenzake. Unamtazama mwanafunzi mmoja kwa sekunde 10, unaandika kwa sekunde 10: amelala, amekaa, amesimama, anatembea, au anajituma zaidi ya kutembea. Baada ya muda unahamia kwa mwingine. Unaandika pia mwalimu anafanya nini. Saa na karatasi vinatosha, pamoja na mtazamaji wa pili aliyefunzwa vizuri ili mlinganishe mlichoandika. Lengo linalotumika sana ni mwanafunzi awe kwenye mwendo angalau nusu ya kipindi.

Nilichokikuta ni foleni. Darasa zima, mpira mmoja, watoto wamesimama juani wakingoja zamu. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Utaambiwa watoto wa kanda hii hawahitaji kipindi hicho, wanatembea mbali na kuchota maji, na Singida hapo jirani imemtoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Usikubali. Kwa umri wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo makali na ya kuimarisha misuli na mifupa. Kutembea peke yake hakufikishi huko. Na mtoto aliyekuja bila kifungua kinywa hakimbii kama mwenzake, kwa hiyo kwenye dodoso lako uliza alikula nini asubuhi.

Halafu msimu. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Wakati huo wazazi wa wanafunzi huwa shambani, na fomu za ridhaa ya mtoto kushiriki utafiti bila sahihi zao hazina kazi. Wafuate jioni. Mtoto naye aulizwe kama anakubali. Barua ya chuo ipeleke mkoani, ushuke halmashauri, ndipo uende kwa mkuu wa shule. Anza kufuatilia mapema, vibali vinakula muda kuliko kazi ya uwanjani.

Kusoma nje nako kuzuri, ila ukirudi cheti kitapitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kutambuliwa, kwa hiyo uliza kwao kabla ya kulipa ada.

Andika swali lako kwa sentensi moja uliweke hapa chini, nitalisoma.