Dragon's Dogma 2: kutembea ndiyo gemu lenyewe

Mkuu wa Urambo, umeuliza kama Dragon's Dogma 2 linamfaa mtu ambaye hakuligusa la kwanza, kama kompyuta yako italibeba, na kama ni kweli wanavyosema kwamba ni kutembea tu mwanzo mwisho. Nalicheza sasa hivi hapa Tabora mjini. Nimeshavuka mpaka wa Battahl, nchi ya pili ndani ya gemu, stori bado sijaimaliza, kwa hiyo pokea haya kama maneno ya mtu aliye bado njiani.

La kwanza si lazima. Lilitoka mwaka 2012 kwenye PS3 na Xbox 360, na hili la pili likaja Machi 22, 2024, chini ya mkurugenzi yuleyule, Hideaki Itsuno. Nchi ni nyingine na watu ni wengine. Kilichobaki ni msingi: joka limeuchukua moyo wako, wewe hukufa, sasa unaitwa Arisen na inabidi ulifuate. Ukiliwasha, skrini ya mwanzo imeandikwa Dragon's Dogma tu, bila namba. Nililipenda hilo. Ni kama wanasema hili ndilo walilotaka kulitengeneza tangu zamani, ila mashine za wakati ule zilikuwa hazitoshi.

Sasa kutembea. Ni kweli unatembea sana, na kwangu hapo ndipo utamu wote ulipo. Magemu mengi ya aina hii, ukishafika mji mara moja, basi unagusa ramani na umefika tena. Hapa kuna jiwe la kusafiria liitwalo Ferrystone, ghali, na linakupeleka sehemu chache tu. Kuna mkokoteni wa ng'ombe pia, kwa mfano kutoka mji mkuu Vernworth kwenda Melve. Unalipa nauli, unakaa, unasinzia. Lakini goblini, vijitu vikorofi vya porini, wanaweza kuuvamia katikati ya pori, na ukivunjwa ndiyo basi, mnamalizia kwa miguu. Usiku nao ni usiku hasa: kandili inaonyesha hatua chache mbele, inakula mafuta, na mifupa ya wafu inaamka.

Juu ya hayo, kila ukiumia, kiwango cha juu kabisa cha uhai wako kinashuka kidogo kidogo, na dawa za kawaida hazikirudishi. Mpaka ulale, kwenye nyumba ya wageni au kambini. Na kambi unaibeba mwenyewe, ina uzito, kama kila kitu kilichomo mfukoni. Kwa hiyo saa zote unapiga hesabu: tusonge au turudi? Tuiache hii ngozi ya mnyama au tuibebe? Nimecheza magemu yenye ramani kubwa kuliko hii, na safari zake sizikumbuki. Za hili nakumbuka hata kona.

Husafiri peke yako. Unaumba msaidizi wako mmoja, wanawaita Pawn, unampa sura, tabia na kazi, kisha unakodi wengine wawili walioumbwa na wachezaji wengine. Wa kwako naye, ukilala, anakwenda kwa wenzako na anarudi na alichojifunza, pengine na zawadi. Ukiwa huna bando bado unaweza kucheza, wapo waliowekwa na watengenezaji. Kilichonigusa zaidi ni hiki: msaidizi uliyemkodi, kama kule alikotoka alishaifanya misheni unayoihangaikia, anakwambia anaijua njia, ukimkubalia anatangulia mbele nanyi mnamfuata. Sisi wa Unyamwezi hilo tunalijua. Ni kirangozi yule wa misafara ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo, anayetangulia kwa sababu alishapita, na nyuma yake wapagazi na mizigo ya mapembe. Wajapani wametengeneza msafara bila kutujua, na wameupatia: nani abebe nini, kambi ipigwe wapi kabla jua halijazama, nani anaweza kumtibu mwenzake.

Hapo kambini mnachoma nyama, na wameweka video ya nyama halisi kabisa ikichomeka, siyo mchoro. Ule ushibe kabla hujaliwasha.

Mapigano yanakwenda na hali hiyohiyo. Jitu kubwa unaliparamia mwilini, unashikilia manyoya, unachoma huku pumzi inakuishia. Nilipomkwea griffin, mnyama mwenye mabawa na kichwa cha tai, mgongoni kwa mara ya kwanza aliruka nami, nikaona msitu mzima chini, na wenzangu wamebaki kule wakipiga kelele. Hakuna aliyepanga tukio hilo litokee pale. Limetokea kwa sababu nilikuwa napita njia ile saa ile.

Stori yenyewe ni nyembamba. Mambo ya kasri la Vermund, ile nchi ya mji mkuu Vernworth, ambako Arisen wa uongo amewekwa kwenye kiti, yanaanza vizuri kisha yanapoa. Maadui wa kawaida nao wanajirudia mno, goblini na mijusi wenye mikuki kila bonde. Kama unacheza kwa ajili ya hadithi, tafuta jingine.

Kuhusu kompyuta: kiwango cha chini walichotaja ni RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1070 au inayolingana nayo, na prosesa ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kila raia wa Vernworth anapigiwa hesabu zake. Mjini picha inakwamakwama, porini inatulia. Lilipotoka, watu walilishukia vibaya kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, kwa ajili ya hilo na kwa vitu vidogo vya kununua kwa pesa halisi. Hivyo vitu usivinunue, karibu vyote vinapatikana ndani ya gemu. Marekebisho yamekuja baadaye, lakini kwa kompyuta dhaifu nisingekushauri.

Na usilichezee kwenye banda la kulipia kwa saa. Kila akaunti ina nafasi moja tu ya kuhifadhi, na gemu hili halimpendi mwenye haraka. Umeme ukikatika utarudi kwenye hifadhi ya mwisho, na kuna nyingine inayobaki pale ulipolala mara ya mwisho kwenye nyumba ya wageni, kwa hiyo lala mara kwa mara.

Anza na kazi ya Fighter (mpiganaji) au Thief (mwizi), ujifunze kuparamia. Baadaye zitafunguka kazi nyingine, ikiwemo Trickster, ambaye silaha yake ni chetezo: anafukiza moshi, maadui wanachanganyikiwa na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo icheleweshe kidogo, inataka wasaidizi wenye nguvu.

Jambo moja la kulichunga tangu mwanzo ni ugonjwa wa wasaidizi. Ukimsikia mmoja analalamika kichwa, anaanza kukaidi amri, macho yanawaka mekundu, usilale naye mjini hata mara moja. Kama ni wa kukodi, mwachishe kazi hapohapo. Kama ni wako mwenyewe, msukumie kwenye maji ya kina, yatamchukua, kisha umwite upya akiwa mzima.